Ubaki na dwm au uhamie i3?

Ndugu yangu, umeuliza kama uendelee na dwm au uhamie i3, zote programu za kupanga madirisha kwenye skrini ya Linux, maana kwenye dwm kila ukitaka kitu kidogo, iwe nafasi kati ya madirisha au aikoni za trei (zile ndogo za programu zilizo wazi, kwenye upau), inakubidi ubandike kiraka, yaani faili la mabadiliko ya msimbo.

Hesabu viraka vyako kwanza. dwm, iliyoanza 2006, ilijiwekea ukomo wa mistari 2,000 ya msimbo kwa makusudi, ili mtu mmoja aweze kuisoma yote akaielewa. Mipangilio imo ndani ya faili la msimbo, config.h, ukibadili hata rangi, unakompaili upya, yaani unaijenga programu tena kutoka kwenye msimbo. Kwa viraka viwili vitatu, hiyo ni raha tupu. Mimi nilifikisha tisa. Cha kumi kikagoma, likatokea faili la dwm.c.rej, lenye mabadiliko yaliyokataa kuingia, nikakesha nikipachika mistari kwa mkono, mmoja mmoja. Wepesi nilioufuata ulikuwa umeshaniponyoka: msimbo haukuwa tena ule niliousoma.

i3 ni kubwa zaidi, ndiyo, ila trei imo ndani ya i3bar, upau wake, nafasi zimo tangu toleo la 4.22, na mipangilio ni faili la maandishi tu: unahariri, unabonyeza Mod+Shift+c (Mod ni kitufe cha Alt au cha Windows, ulichochagua), basi. Utakachokikosa ni jinsi dwm inavyojipangia dirisha kuu na mengine pembeni. Kwenye i3 unagawa skrini mwenyewe, na mwanzoni inakera kweli.

Viraka vikizidi vitano, mimi ningehama. Sakinisha zote mbili, fanyia kazi i3 wiki mbili, na folda ya dwm usiifute.