Mkate Uliolala, Matunda na Moto wa Asubuhi: Majibu kwa Wasomaji

Wiki mbili zilizopita nilieleza katika safu hii namna ninavyowaandalia watu wa nyumbani kwangu, hapa Tanga, mkate wa kuoka wenye matunda kwa ajili ya chai ya asubuhi, chakula ambacho wengine hukiita pudini ya mkate, na tangu siku hiyo maswali hayajakoma. Kwa wale ambao hawakusoma, narudia kipimo: boflo au mkate wa slesi gramu 300, mayai 4, maziwa mililita 600, ambayo ni vikombe viwili na nusu hivi, sukari vijiko 3 vya chakula, punje 6 za iliki zilizotwangwa, chumvi kidogo, na matunda yaliyokatwa yanayojaza vikombe 2. Mkate hukatwa vipande, hupangwa pamoja na matunda katika chombo kilichopakwa samli, humiminiwa mayai yaliyopigwa na kuchanganywa na maziwa, huachwa uloane, kisha huokwa kwa nyuzi 180 kwa dakika 40 hadi 45. Kiasi hicho kinawatosha watu sita.

Shikamoo mama. Nyumbani kwetu Makorora hubaki vipande vya mkate karibu kila siku, na kesho yake vimekauka. Je, vinafaa kwa mapishi haya, au ni lazima ninunue mkate mpya?

Marahaba mwanangu. Mkate uliolala ndio hasa unaotakiwa. Mkate unapotoka bekari huwa laini na wenye unyevu mwingi, hivyo ukiumiminia maziwa hulegea ukawa uji. Ukishalala siku moja au mbili, wanga wake hukaza na vinyweleo vyake hubaki wazi, ukanywa maziwa polepole bila kusambaratika. Chukua kipande ukibonyeze katikati kwa kidole gumba: kikibaki na bonde na kunata kidoleni, bado ni kibichi, kikikataa kubonyea na kingo zake zikamwaga chembe, kiko tayari. Ikiwa una mkate mpya tu, ukate na kuutandaza kwenye ungo, ufunike kwa kitambaa chepesi, uuache mahali penye upepo kwa saa chache.

Jambo moja nakuomba ulizingatie sana, kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina unyevu na mkate uliofungwa ndani ya mfuko wa plastiki huota ukungu upesi. Ukiona doa la kijani, jeusi au jeupe lenye manyoya, usikate doa na kuokoa sehemu iliyobaki, kwa sababu nyuzi za ukungu hupenya ndani ya mkate laini mahali ambapo jicho halioni, na baadhi ya sumu zake haziondolewi na joto la kuoka. Tupa mkate wote. Mkate mkavu ni akiba, lakini mkate wenye ukungu hauna matumizi tena jikoni.

Mimi ni mfanyakazi, naishi Chumbageni. Watoto wangu huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitapata wapi muda wa kuoka?

Dada yangu, chakula hiki ni cha mtu kama wewe, kwa sababu kazi yake yote inaweza kufanywa usiku, na asubuhi ikabaki kuoka tu. Baada ya chakula cha jioni panga mkate katika chombo, mimina mayai na maziwa, kandamiza vipande vya juu kwa mgongo wa mwiko hadi viloane, funika, weka katika jokofu. Ukiamka saa kumi na moja, kitoe kwanza, ndipo uwashe oveni. Wakati oveni inapata moto na wewe unapiga mswaki, ubaridi wa chombo utakuwa umepungua. Chombo cha kioo kilichotoka jokofuni kisiingizwe moja kwa moja katika oveni iliyokwisha kupata moto, maana kinaweza kupasuka. Kufikia saa kumi na mbili kasoro dakika chache chakula kimeiva, na utakuwa umepata nafasi ya kuwavalisha wadogo sare zao. Mimi mwenyewe nilianza kukipika namna hii kwa ajili ya daku, mwezi wa Ramadhani, nilipotaka kitu chenye kushiba kisichoniamsha saa nane.

Kama huna jokofu, usithubutu kuacha mchanganyiko wa mayai na maziwa mabichi ulale mezani katika joto la Tanga. Usiku kata mkate, twanga iliki, osha zabibu na pima sukari. Asubuhi vunja mayai, changanya na maziwa, mimina, na uache mkate unywe kwa dakika 20. Na ndizi, hata ukiwa na jokofu, zikatwe asubuhi, kwa kuwa zikilala huwa nyeusi.

Sisi wa Pongwe tunapikia mkaa. Hiyo oveni unayoitaja hatuna. Je, tumekosa?

Hamjakosa hata kidogo, na nitalijibu swali hili kwa urefu, kwa sababu mama zetu walioka mikate ya kumimina kwa moto wa juu na chini kabla ya oveni kuingia katika nyumba zetu.

Tafuta sufuria mbili, moja kubwa na nzito, nyingine ndogo inayoingia ndani yake ikaacha nafasi ya vidole viwili kila upande. Katika sufuria kubwa tandaza mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, uifunike na uiweke jikoni kwa dakika 10 ili mchanga upate moto sawasawa. Mchanga huo ndio utakaozuia chini ya mkate usiungue. Paka samli sufuria ndogo, panga mkate na matunda, mimina maziwa yako, kisha iketishe juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa kifuniko cha bati kisicho na mpini wa plastiki, kisha gawa makaa: theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili upalie juu ya kifuniko. Wengi hufanya kinyume, na ndiyo maana huishia na mkate uliokuwa mkaa chini na maji juu.

Baada ya dakika 25 inua kifuniko kwa uangalifu ili majivu yasidondoke ndani. Utausikia ukisema polepole kandokando, na harufu ya iliki itakuwa imekutangulia. Ukiona kingo zimeshikana na kuanza kuachana na sufuria, punguza makaa ya chini na uyaache ya juu yamalizie kuupa rangi ya dhahabu. Kwa jiko la gesi utaratibu ni huohuo wa mchanga, moto ukiwa mdogo kabisa, ila juu hautapata rangi; ladha haipungui.

Jiko la mkaa liwe barazani au uani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua. Asubuhi za mvua mtu hushawishika kuliingiza jiko ndani na kufunga dirisha, nami nawasihi kina mama wenzangu msifanye hivyo.

Huku Muheza tuna machungwa mengi kuliko mkate. Naweza kuyatumia? Na nanasi je?

Machungwa yana mahali pake, lakini si ndani ya maziwa. Uchachu wa maji ya chungwa hukata maziwa, ukapata mabonge mahali ulipotaka ulaini. Kinachofaa kuingia ndani ni ganda: osha chungwa vizuri, ulikune kwa kifaa cha kukwaruzia karoti, ukichukua ile ngozi ya nje tu, iwe ya kijani au ya manjano, na kuacha ngozi nyeupe ya ndani ambayo ni chungu. Kijiko kimoja cha chai cha ganda hilo, pamoja na iliki inayoshushwa sokoni kutoka milima ya Amani, hutoa harufu ambayo sijaipata katika chupa yoyote ya vanila. Nyama ya chungwa imenye, itoe kokwa, na uiweke juu ya mkate baada ya kuiva.

Nanasi linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Asubuhi moja ya Idi, nikiwa na wageni sebuleni, nilitoa chombo kilichopendeza juu, lakini nilipotia kisu nikakuta mkate unaelea katika maji ya njano yenye uchungu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimechanganya nanasi bichi na maziwa. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini ambacho huvunja protini za maziwa na mayai, na kwa usiku mzima kilikuwa kimefanya kazi yake. Dawa yake ni moto: vipande vya nanasi vipike peke yake katika sufuria kwa dakika 10, hadi maji yake yachemke na kukaribia kukauka, viache vipoe, ndipo uvichanganye. Tangu siku hiyo sijaruka hatua hiyo, na halijaniharibikia tena.

Ndizi mbivu za kisukari ndizo zinazonipa utulivu kuliko tunda jingine lolote; chagua zilizoanza madoadoa meusi, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Embe lisiwe la kuiva kupita kiasi. Plamu na matufaha ya Lushoto, yakipatikana, ni mazuri sana, hasa tufaha likikatwa jembamba.

Wangu huwa na maji katikati na mayai yake yanakuwa kama ya kukaanga. Nakosea wapi?

Moto wako ni mkali. Mayai yaliyochanganywa na maziwa huganda kwenye joto la karibu nyuzi 80, na yakipashwa zaidi ya hapo hujikaza na kuyatema maji. Weka chombo chako ndani ya treya yenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake, na uongeze dakika 10 za kuoka. Umeiva pale kingo zinaposhikana na katikati inapotikisika kama maziwa mgando, na kisu ukikichomeka kinatoka bila maziwa mabichi. Uache utulie dakika 10 kabla ya kukata, maana unaendelea kuiva hata nje ya moto.

Mjukuu wangu ana miezi tisa, na mume wangu ana kisukari. Je, wote wawili wale?

Shikamoo bibi. Mtoto anaweza kupewa kipande laini kilichopondwa, kisicho na zabibu nzima wala karanga, ambazo zinaweza kumkaba. Lakini asali asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata iliyookwa ndani ya chakula, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria. Kama hajawahi kula yai, mwanzishieni kwa kidogo na mwangalieni. Kuhusu babu, mkate na ndizi vyenyewe ni wanga na sukari hata usipoongeza kijiko, kwa hiyo toa sukari yote, tumia mkate wa ngano isiyokobolewa, mpe kipande kidogo pamoja na yai la kuchemsha, na kiasi chake mkipange na mhudumu wa kliniki yake. Nyinyi wengine pia mnaweza kupunguza: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na kwamba kubaki chini ya gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Tende zilizokatwakatwa huleta utamu wa kutosha, na nyuzinyuzi zake pia.

Maziwa yakikosekana?

Tui. Zikune nazi mbili, kamua tui zito na jepesi, uyachanganye yatimie mililita 600, uyachuje kwa kifumbu, na uzidishe chumvi kidogo kuliko kawaida. Ndizi na tui vinapendana sana.

Kinachobaki nikifanyeje?

Kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kikipoa kiweke katika jokofu, na kesho yake ukikate vipande vya unene wa kidole, uvikaange kwa samli kidogo pande zote mbili hadi vikauke juu. Kwangu huliwa saa nne, na chai ya tangawizi.