Glaida ya kwanza ya rimoti: anza na mkia

Gramu moja ya ziada mkiani inakula gramu tatu puani. Chukua glaida, yaani ndege isiyo na mota, ya mbao nyepesi ya balsa yenye mabawa ya mita 2, ile ya kujifunzia inayoongozwa kwa usukani (kibao cha wima mkiani kinachogeuza pua kushoto na kulia) na eleveta (kibao cha mlalo mkiani kinachoinua na kushusha pua) tu. Mkia uko karibu sm 75 nyuma ya kitovu cha uzito, na chumba cha betri kiko karibu sm 25 mbele yake. Ukizidisha gramu 10 nyuma, utalazimika kuongeza gramu 30 za risasi mbele ili ndege isawazike. Hapo umeinenepesha kwa gramu 40 bila faida yoyote. Kwa hiyo ukifungua kifurushi cha vipande vya kujengea, weka mabawa kando na ushughulike na mkia kwanza, ukiwa bado na subira.

Gentle Lady ya Carl Goldberg ni mfano mzuri wa ndege tunayoizungumzia: mabawa ya karibu mita 2, sevo mbili (mota ndogo zinazosogeza usukani na eleveta), mabawa yaliyofungwa kwa raba bendi. Ndege ya namna hiyo ikikamilika ina uzito wa gramu 700 hivi, na eneo la mabawa ni kama desimita 42 za mraba, yaani kila desimita ya mraba inabeba karibu gramu 17. Chini ya gramu 20 ndege huruka polepole kiasi cha kukupa muda wa kufikiri. Ikipita 25, itakuja kutua kwa kasi ambayo vidole vya mgeni haviwezi kuifuata.

Balsa hazifanani. Ubao wa unene wa mm 3, upana wa sm 10 na urefu wa mita 1 unaweza kuwa na gramu 30 au gramu 48, na kwa macho zote mbili ni balsa tu. Nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni, au zipime zile zilizomo kwenye kifurushi. Nyepesi zote ziende mkiani, nzito ziende puani na kwenye sakafu ya kiwiliwili. Kwa mkia wa mlalo wa sm 50 kwa sm 11 uliokatwa kwenye ubao mzima, tofauti ya balsa nyepesi na nzito ni gramu 10 kamili. Ukiujenga kwa vijiti vilivyounganishwa kwa mishazari badala ya ubao mzima unapungua zaidi, lakini piga msasa vizuri na uhakikishe umekaa bapa mezani, kwa sababu mkia uliopinda hausahihishwi na rimoti. Mkia wote, wa mlalo na wa wima, pamoja na bawaba na plastiki ya kuufunika, usizidi gramu 40.

Mwizi mwingine wa gramu ni waya wa kusukuma eleveta na usukani. Waya wa chuma wa mm 2 wenye urefu wa sm 80 una karibu gramu 20, na unahitaji nyaya mbili. Waya wa mm 0.8 wa urefu uleule una gramu 3 tu. Tatizo la waya mwembamba ni kwamba ukisukumwa hujikunja, kwa hiyo upitishe ndani ya mrija wa plastiki, na mrija wenyewe uugandishe kwenye kiwiliwili kila baada ya sm 10. Ukiacha sehemu moja inaning'inia, eleveta itatii ukivuta na kukataa ukisukuma, na hilo utaligundua ndege ikiwa imeinamisha pua.

Sasa mabawa. Hapa kosa la uzito linasameheka, kosa la nguvu halisameheki. Bawa linabebwa na mhimili wenye vijiti viwili, kimoja juu na kimoja chini, kwa kawaida mm 3 kwa mm 6, vya mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka. Paini safi isiyo na fundo inafaa. Ndege inapopanda, kijiti cha juu kinabanwa na cha chini kinavutwa. Vijiti hivyo viwili havisaidiani mpaka uvifunge pamoja kwa vipande vya balsa ya mm 2 vinavyojaza nafasi kati ya ubavu na ubavu, zile mbao zinazolipa bawa umbo lake. Nyuzi za vipande hivyo zisimame wima, kutoka kijiti cha chini kwenda cha juu. Wanaoanza huviweka kwa mlalo kwa kuwa kukata hivyo ni rahisi, au huviacha kabisa wakidhani ni pambo. Bawa la namna hiyo hustahimili kurushwa kwa mkono mwezi mzima, kisha likakunjika siku ya kwanza ya kuvutwa kwa kamba. Viweke kuanzia katikati ya bawa hadi pale linapokunjwa kwenda juu, na ukipenda endelea.

Ule mkunjo wa ncha kwenda juu usiupunguze kwa ajili ya urembo. Ndege hii haina vibao vya kuilaza kwenye mabawa, inategemea usukani peke yake. Usukani unageuza pua upande, bawa la nje linapokea hewa kwa pembe kubwa zaidi kwa sababu limeinama kwenda juu, linainuka, na ndege inalala kwenye kona. Ukilinyoosha bawa, usukani utaizungusha pua tu huku ndege ikiendelea kuteleza kando. Tumia violezo vya pembe vilivyo kwenye mchoro, vikate kwa plaiwudi, na usikadirie kwa jicho.

Jenga juu ya ubao bapa kweli. Mlango wa zamani usio na mikunjo unatosha, ukiwa na mchoro juu yake na karatasi ya nailoni juu ya mchoro ili gundi isishike. Gundi nyeupe ya mbao inafaa viungo vingi na inakupa muda wa kunyoosha. Gundi ya haraka ni ya kushikiza tu pale ambapo sehemu zimegusana sawasawa, maana haijazi nafasi. Epoksi ya dakika 30 iende kwenye kiungo cha katikati cha mabawa, na kiungo hicho ukifunge kwa utepe wa kitambaa cha fibaglasi wa upana wa sm 5. Ile ya dakika 5 usiitumie hapo, inaganda kabla haijaingia kwenye mbao. Na kama unajenga kwa povu jeupe la vifungashio badala ya balsa, gundi ya haraka ya kawaida inaliyeyusha. Jaribu kwenye kipande cha kutupwa.

Plastiki ya kupiga pasi hufunika na pia hukaza. Pitisha pasi kwanza kwenye kingo kwa joto dogo, upande wa chini kabla ya juu, kisha ongeza joto kuikaza katikati. Ukikaza upande mmoja zaidi, bawa linajipinda. Lishike bawa kwenye ncha, lisokote kidogo kuelekea unakotaka, pasha moto plastiki, liache lipoe likiwa hivyo hivyo. Ujanja huohuo ndio unaotumika kuinua ukingo wa nyuma wa ncha kwa mm 2 au 3, ncha zote mbili sawa. Faida yake ni kwamba ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi, katikati ya bawa ndiyo inayostoli (kupoteza nguvu ya kuinua) kwanza na ncha bado zinabeba, kwa hiyo pua inainama kwa utulivu badala ya bawa moja kudondoka. Na tukiwa hapo hapo: gari lililofungwa vioo juani mchana wa Dodoma au Garissa litalegeza plastiki na kurudisha mapindo yote uliyoyatoa. Yafunike mabawa kwa kitambaa cheupe, au yaache kivulini.

Vifaa vya umeme ni vichache: sevo mbili za gramu 9, risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ya 2.4 GHz, betri na swichi. Betri ya seli nne za kuchajiwa za NiMH za ukubwa wa AA ina zaidi ya gramu 100. Hilo ni jambo jema, kwa sababu puani unahitaji uzito, na uzito unaotoa umeme una maana kuliko risasi. Isukume mbele kabisa, ndani ya sponji, nyuma yake risiva, kisha sevo. Nyaya mbili za antena zikae kwa pembe ya digrii 90 baina yao, na zisilale juu ya kaboni, kwa kuwa kaboni inazuia mawimbi. Eleveta ipande na kushuka mm 10, usukani uende mm 35 kila upande. Simama nyuma ya ndege: ukivuta kijiti cha rimoti kwako, ukingo wa nyuma wa eleveta upande juu, ukisukuma kulia, usukani uende kulia. Fanya hivyo kila siku kabla ya kurusha, hata kama jana ilikuwa sawa.

Kitovu cha uzito kianze theluthi ya upana wa bawa. Bawa likiwa na sm 23 pale linapokaa kwenye kiwiliwili, weka alama mbili chini yake sm 7.6 kutoka ukingo wa mbele, iinue ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo, betri ikiwa ndani. Ikae mlalo au iinamishe pua kidogo. Mkia ukishuka, usirushe.

Tafuta uwanja wenye nyasi, saa za asubuhi kabla upepo haujachangamka. Kenya na Tanzania vyombo vinavyoruka bila rubani viko chini ya mamlaka za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, kwa hiyo uliza masharti kwanza, hasa kama uko karibu na kiwanja cha ndege. Elekea upepo, shika ndege chini ya bawa, isukume kama unayetupa mkuki kuelekea upeo wa macho, mabawa yakiwa sawa. Ukiitupa juu, itasimama hewani, itastoli, itashuka kwa pua. Ikiteleza mita 30 au 40 na kutua yenyewe, umefaulu. Ikipanda na kuinama mfululizo, shusha eleveta kidogo kwa trimu, kile kitufe kidogo cha rimoti cha kurekebisha. Ndege ikirudi kuelekea kwako, kulia na kushoto vinabadilishana machoni: sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, nalo litainuka.

Kwa kimo cha maana unahitaji kamba ya mpira. Mashindano ya FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga) ya daraja la F3L, ambayo ni ya glaida za mita 2 za usukani, eleveta na spoila (vibao vya juu ya mabawa vya kuishusha ndege), hutumia mpira wa mita 15 na kamba ya mita 100, na kwa mgeni vipimo hivyo vinafaa. Mpira ukivutwa mara tatu ya urefu wake, vyote pamoja vinafika mita 145, basi uwanja uwe na mita 200 na ushee. Pima mvuto kwa mizani ya kuning'iniza: kwa ndege ya gramu 700, kilo 2 zinatosha. Ndoano ya kushikia kamba, chini ya kiwiliwili, iwe sm 2 mbele ya kitovu cha uzito. Ikiwa nyuma sana ndege itayumba kushoto na kulia na kuchomoka kwenye kamba, ikiwa mbele sana itapanda kwa uvivu. Isogeze nyuma mm 3 kwa wakati mmoja.

Ukishapata kimo ndipo unaweza kurekebisha kitovu cha uzito kwa haki. Inamisha pua kama digrii 30, achia kijiti. Ikijinyanyua haraka, pua ni nzito: toa gramu chache, kisha ongeza trimu ya eleveta ya kushuka. Ikizidi kuinama, mkia ni mzito, rudisha risasi. Ikijinyanyua polepole kwa upinde mpana, iache ilivyo. Wengi huishia na kitovu nyuma ya theluthi, lakini wamefika huko kwa mm 2 au 3 kila mara. Kuanzia saa nne asubuhi, mwewe wanaozunguka bila kupiga mabawa wanakuonyesha hewa ya joto inayopanda iko wapi, na ndege iliyosawazishwa hivi itakuashiria kwa kuinua bawa moja inapoigusa. Geukia upande wa bawa lililoinuka.

Mabadiliko matatu ndiyo yanayostahili jasho. La kwanza ni spoila, na lazima uliamue kabla ya kufunika mabawa. Kibao cha balsa cha mm 3, urefu sm 30, upana sm 3.5, hulala juu ya kila bawa nyuma kidogo ya mhimili, ukingo wake wa mbele umeshikwa kwa tepu kama bawaba, sumaku ndogo inakibana chini, na mkono wa sevo unakiinua. Toboa mbavu kwa ajili ya nyaya mapema. Ukikifungua mara ya kwanza uwe juu, uone pua inaelekea wapi, kisha changanya eleveta mm 2 upande wa pili kwenye rimoti. Bila spoila, glaida nyepesi hukataa kushuka na kupita uwanja mzima mpaka kwenye miti.

La pili ni kuacha raba bendi na kutumia bolti mbili za nailoni za M5. Ndege inapata mwonekano safi, lakini raba bendi zina huruma: bawa likigonga kitu huruka kando na kubaki zima. Tungeziacha kwa msimu wa kwanza.

La tatu ni mota, kwa asiyepata uwanja wa mita 200. Mota isiyo na brashi ya ukubwa wa 2212 yenye KV 1000 hivi (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), kidhibiti mwendo cha ampea 30, propela ya kujikunja ya inchi 9x5 na betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu ya mAh 1300 vinaingia kwenye pua iliyokatwa na kuzibwa kwa plaiwudi ya mm 3. Washa breki kwenye kidhibiti, la sivyo propela itaendelea kuzunguka na haitajikunja. Uso wa mota uelekee chini digrii 3 na kulia digrii 2, ili ndege isirushe pua juu unapoongeza mafuta, kama madereva wanavyosema hata pasipo mafuta. Betri ya zamani inatoka, risasi yote inatoka, lakini bado ndege itafika kama gramu 900. Mwendo wa kustoli utaongezeka kwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo tua kwa kasi kidogo kuliko ulivyozoea, na upime upya kitovu cha uzito betri mpya ikiwa mahali pake.