Maswali Yenu: Modeli Yanyesha Adhuhuri, Malindi Yanyeshewa Alfajiri

SWALI: Assalam aleikum wahariri. Ninaendesha modeli ya WRF (programu ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa) kwa pwani yetu, gridi ya kilomita 27, yaani kila kisanduku cha hesabu kina upana wa kilomita 27. Mvua ya Mei hapa Malindi hutushukia usiku hadi alfajiri, lakini modeli inaninyeshea manyunyu karibu kila siku saa sita mchana. Ajabu ni kwamba jumla ya mwezi haiko mbali na ya kipima mvua. Nibadilishe nini? (Mwanafunzi wa uzamili, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam. Kabla hujagusa fizikia, kagua saa. Modeli huandika saa za Greenwich, nasi tuko saa tatu mbele. Siku yake ikianza, hapa ni saa tisa usiku. Kipima mvua cha kituo husomwa saa tatu asubuhi, na kiasi kile ni cha saa 24 zilizotangulia. Basi mvua ya Jumanne saa kumi na moja alfajiri ni ya Jumanne kwenye modeli, na kwenye takwimu za kituo huenda imewekwa Jumatatu. Penye mvua ya alfajiri, kosa hili peke yake hutosha kuifanya modeli nzuri ionekane mbovu. Kusanya mvua ya modeli kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tatu asubuhi. Tena WRF huilimbikiza mvua tangu mwanzo, katika mafungu mawili: ya kanuni ya mawingu, inayokadiria mawingu madogo kuliko kisanduku, na ya gridi yenyewe. Jumlisha yote mawili, ndipo utoe ya saa iliyopita. Wengi husahau fungu moja.

Hata ukisahihisha hayo, manyunyu ya adhuhuri hayataondoka. Wingu la mvua lina upana wa kilomita chache, na kisanduku cha kilomita 27 hakiwezi kulichora, kwa hiyo modeli hukadiria kwa kanuni kama Kain-Fritsch au Tiedtke. Kanuni hizi huamka mara ardhi inapopata joto, zikamwaga kidogo kidogo mapema, na nguvu ya hewa ikaisha kabla wingu refu halijakua. Mvua yetu ya kusi ina njia nyingine. Usiku umande, yaani upepo wa nchi kavu, hutoka bara, ukutane na kusi juu ya maji, hewa isukumwe juu, mawingu yaingie pwani kabla ya jua kuchomoza. Umande ni upepo dhaifu na mwembamba. Kwenye gridi yako hauchoreki vizuri.

Pachika gridi ndani ya gridi: 27, kisha 9, kisha 3. Kwenye gridi ya 3 izime kanuni ya mawingu marefu, lakini iache ya mawingu mafupi, maana mavundevunde bado ni madogo kuliko kisanduku. Hatua ya muda, yaani sekunde ambazo modeli husonga mbele kwa kila hesabu, iwe sekunde 6 kwa kila kilomita ya gridi, yaani 18. Kutoka 9 hadi 3 kwa eneo lile lile kazi ya kompyuta huongezeka mara 27, basi punguza eneo upande wa bara, si upande wa bahari. Kusi hutoka kusini-mashariki. Ukingo wa gridi uwe mamia ya kilomita ndani ya bahari, na visanduku 10 vya ukingoni usivitumie.

Washa usasishaji wa joto la bahari. Usipouwasha, maji yatabaki na joto la siku ya kwanza, ilhali kati ya Aprili na Agosti hupoa nyuzi kadhaa. Angalia pia idadi ya vitone vya wingu: hewa ya bahari huwa na kama 100 kwa sentimita moja ya ujazo, ya bara mamia. Vikiwa vichache huwa vikubwa, hugongana upesi na mvua hushuka. Ukiweka namba ya bara, mawingu yetu mafupi yatapita bila kunyesha.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Usishangae gridi ya 3 ikikupa saa sahihi lakini dhoruba zilizopita kiasi. Ndiyo kasoro yake inayojulikana. Makadirio ya mvua ya IMERG, yanayounganisha vipimo vya setilaiti nyingi kwa kila nusu saa, yatakusaidia kulinganisha saa, ila yasikuhukumie kiasi: mvua ya mawingu mafupi ya joto huyapita.

SWALI: Tunajenga jabia (birika la kukingia maji ya mvua) hapa Faza. Tumepewa jedwali la mvua la modeli, siku 30 za milimita 1. Je, linatosha kukadiria maji? (Mwenyekiti wa kikundi cha maji, Pate)

JIBU: La, bwana mwenyekiti. Tuseme sakafu yenu ya kukingia ni mita 200 za mraba, na milimita 2 za kwanza huishia kulowesha sakafu tu. Mvua moja ya milimita 30 itawapa lita 5,600. Milimita 30 zile zile zikigawanywa siku 30 hazitawapa hata ndoo. Kuzidisha jedwali kwa namba fulani hakutibu hilo, maana kosa liko kwenye idadi ya siku. Mwulizeni aliyewapa kama kisanduku chenu kimehesabiwa nchi kavu au bahari. Kwenye gridi ya kilomita 25 kisiwa cha Pate huweza kumezwa na maji. Vipimo vya kila siku vya kituo cha Lamu, vya miaka mingi, vitawafaa zaidi.