Kava la chini ya injini halipo, nifanyeje?

SWALI: Kaka fundi, nimenunua gari Toyota IST used hapa Dar, kucheki chini nakuta lile kava la plastiki chini ya injini halipo, aliyeniuzia anasema halina kazi. Niweke au niache? – Msomaji, Mbezi

JIBU: Weka ndugu yangu. Gari itatembea bila hilo kava ndio, ila masika yakianza maji na tope vinarukia juu kwenye mkanda wa injini na altaneta (ile inayochaji betri), mkanda ukilowa unateleza, chaji inashuka. Pia linasaidia upepo upite vizuri kwenye rejeta, ile inayopooza maji ya injini.

Kabla hujalifunga pandisha gari uangalie kama oili inavuja, maana likishakaa linaficha mambo, na mafundi wengi wanalitoa wakati wa kumwaga oili halafu hawalirudishi, inaniuma sana hii! Tafuta used la IST hiyohiyo, klipu nunua mpya, na usikubali kabisa kufungiwa na waya, likining'inia ukiwa spidi ni hatari.

Plastiki haizuii jiwe lakini. Kama njia yako ina mawe chukua la chuma, lenye matundu ya hewa na nafasi ya kufungulia oili.