Kazi za jamii na klabu kwenye shule za intanesheno hapa Dodoma: usimtoe mtoto, ibane shule kwa maswali

Mkuu mleta mada, nimeusoma uzi wako wote na nakuelewa kabisa. Umesema mmehamia Dodoma kikazi, dogo kaanza mwaka wa kwanza wa IB Diploma (ule mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari), ada inakukaba shingo, alafu kila Jumatano mchana wanabebwa na basi kwenda shule ya msingi ya jirani wakati we unaona hesabu zake zinayumba, na unauliza kama unaweza kumuombea ruhusa asiwe anaenda. Mimi nimefundisha na kuratibu hizi shughuli kwenye shule ya intanesheno hapahapa Dodoma kwa miaka kadhaa, sasa hivi sipo huko tena kwa hiyo simtetei mtu, nakueleza nilichokiona.

Kwanza kumtoa huwezi. Hicho kitu kwenye IB kinaitwa CAS, yaani ubunifu, shughuli za mwili na huduma kwa jamii, na kinaenda kwa muda wa miezi 18 hivi mfululizo. Hakina maksi, kwenye zile pointi 45 za juu kabisa za diploma hakiongezi hata moja, lakini asipokikamilisha hapati diploma hata kama masomo yote kapiga vizuri. Zamani shule zilikuwa zinahesabu masaa, watoto wanakimbizana na masaa 150, siku hizi hiyo haipo, wanaangalia kama mtoto kafikia malengo 7 ya kujifunza, ana kumbukumbu zake alizoandika, kafanya angalau mradi mmoja wa kushirikiana na wenzake usiopungua mwezi, na kakaa na mratibu kwenye mahojiano 3 rasmi. Kwa wazazi wengine mnaosoma hapa wenye watoto IGCSE, ile mitihani ya kimataifa ya Cambridge, kwenu Cambridge haiwalazimishi, ni shule yenyewe inaamua, na shule nyingi duniani zinatumia ile tuzo ya vijana iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, mtoto anaanza ngazi ya shaba akiwa na miaka 14.

Sasa kuhusu muda kupotea. Ukweli ni kwamba kuna kazi za jamii ambazo kweli ni kupoteza muda, wa mtoto wako na wa hao wanaotembelewa, na kuna nyingine zinamjenga mtoto kuliko darasa. Tofauti yake kwa nilivyoona mimi ni moja tu, je kuna mtu wa pale aliyeomba hiyo kazi ifanyike, na je mtarudi.

Mfano wa miti, manake Dodoma kila mtu anataka kupanda miti. Tangu ile kampeni ya Dodoma ya kijani ya 2017 kila taasisi inapanda, ni jambo jema sana, lakini shule nyingi zinapanda tarehe 5 Juni kwa sababu ndo Siku ya Mazingira Duniani. Jamani, Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba inaisha Aprili. Mche uliopandwa Juni unasubiri nusu mwaka bila tone, upepo ule wa Julai unaujua, na mbuzi wapo, hapo hata ukiweka bango lenye nembo ya shule hautapona. Alafu kuna tatizo ambalo wengi hawalifikirii, shule za intanesheno zinafunga katikati ya Desemba na kurudi Januari, yaani mvua ya kwanza ikidondoka watoto wako Dar au wamesafiri. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaanza kitalu Septemba, watoto wanajaza viriba wenyewe na kumwagilia kila siku kwa zamu, miarobaini na mikwaju, wakirudi Januari ardhi imelowa ndo tunatoka kupanda.

Na kipindi cha kiangazi tukawa tunafanya kisiki hai. Kama wewe ni mgeni huku, kisiki hai ni kuotesha upya miti iliyokatwa badala ya kupanda mipya, vijiji vingi vya mkoa huu wanaifanya. Unakuta shambani kisiki cha mgunga kimechipua vijiti vingi kama fagio, unachagua vichache vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine unakata kwa panga kali, hivyo ulivyobakiza unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue huu mti una mwenyewe. Mizizi iko chini tayari kwa hiyo humwagilii. Wanafunzi wetu walifundishwa na mkulima mwenyewe shambani kwake, mzee anaongea Kigogo kimechanganyika na Kiswahili, anawaonyesha pa kukata na pa kuacha, wale watoto wa biolojia walikuwa na maswali hayaishi, na waliporudi baada ya miezi michache kupogoa tena waliikuta imewapita kimo. Hiyo ni sayansi, mkuu, huwezi kuniambia muda umepotea.

Sasa hiyo Jumatano ya mwanao. Shule ya msingi tuliyokuwa tunaenda sisi, mwalimu mkuu alituambia wazi kwamba hahitaji ukuta upakwe rangi wala madaftari, anachohitaji ni watoto wa darasa la 3 wasome, manake mwalimu mmoja na darasa lile hawezi kumsikiliza kila mtoto. Basi tukapanga kila mwanafunzi wetu awe na watoto wanne walewale mwaka mzima, wanakaa chini ya mwarobaini nyuma ya madarasa. Binti mmoja wa kwetu alikuja kuniambia wa kwake mmoja anasoma vizuri sana hana haja ya msaada. Nikamwambia funika picha, muonyeshe neno moja la katikati. Dogo kimya. Alikuwa kakariri ukurasa wote kwa kusikia wenzake, anatiririka huku macho yako pengine kabisa. Yule binti wiki iliyofuata alikuja na maboksi ya karatasi kayakata vipande vidogo vya silabi, ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, wakawa wanaunga maneno pale chini kwenye mchanga, baba, kuku, kibubu, na akikosea yule dogo wenzake wanapanga upya. Ilichukua karibu muhula mzima. Siku aliyosoma sentensi ambayo hajawahi kuiona, yule binti alinifuata mbio kuniambia, na kwenye mahojiano yake ya CAS hilo ndo alilolieleza kwa nusu saa bila kuangalia karatasi.

Kitu kimoja ambacho nakipinga kwa nguvu zote ni ziara za vituo vya watoto yatima za mara moja. Keki, sabuni, soda, picha, kwaheri. Mlezi wa kituo kimoja aliwahi kunieleza kwamba Jumamosi za Desemba watoto wanaimba wimbo uleule kwa kundi moja baada ya jingine, kila kundi linataka kupiga nao picha, na Machi unga ukiisha hamna anayepokea simu. Ile inauma. Na picha za watoto wa watu kuwekwa mtandaoni na tisheti za shule mbele sio sawa hata kidogo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda faragha na utu wa mtoto, sio wa tajiri peke yake. Kama shule ya mwanao inafanya hivo andika barua upinge. Vituo vinahitaji watu, sawa, ila mpitie kwa afisa ustawi wa jamii mwambiwe kinachohitajika, na mwende kwa ratiba.

Kuhusu klabu za ziada ambazo umesema zinalipiwa pembeni, robotiki, kuogelea, chesi na kadhalika, chagua moja anayoipenda basi, hamna haja ya kujaza wiki. Ila angalia na ambazo Dodoma inazo na sehemu nyingine hazipo. Klabu ya mdahalo kwa mfano, Bunge liko hapa, kuanzia Aprili mpaka Juni ni bajeti, shule inaweza kuomba nafasi watoto wakakaa jukwaa la wageni wakasikiliza maswali na majibu asubuhi, wakirudi wanajadili hoja ileile wenyewe. Michoro ya mapangoni ya Kolo, urithi wa dunia tangu 2006, iko ukishapita Kondoa njia ya Arusha, barabara ni lami. Na muziki wa Wagogo, kwao alikotoka yule mwanamuziki Hukwe Zawose, wazee wa zeze bado wapo, shule imuite mmoja aje afundishe kila wiki na ALIPWE kama anavyolipwa mwalimu wa piano, nasisitiza hapo kwa sababu nimeona mwalimu wa piano analipwa na mzee anapewa soda.

Kwa hiyo nenda kwa mratibu wa CAS, ongea nae kistaarabu, muulize hii kazi ya Jumatano nani aliiomba, mwalimu mkuu wa pale au shule yenu? Mtaenda mpaka lini? Mwanangu anakuwa na watoto walewale au anazungushwa? Ruhusa ya afisa elimu kata ipo? Mnapima vipi kama wale watoto wanasonga mbele? Mratibu anayejua kazi yake atakujibu palepale na atafurahi umeuliza, akianza kukuonyesha picha za mwaka jana jua pana shida na hapo ungana na wazazi wengine muombe ibadilishwe.

Na hilo la hesabu lina dawa. CAS haimlazimishi afundishe kusoma, inataka kitu anachokijali kinachohitajika pale. Aombe kuhamia kundi la kuwasaidia kidato cha pili hesabu kwenye sekondari ya kata, wana mtihani wa taifa Novemba kwa hiyo uhitaji upo, na mtu anayelazimika kumueleza mwenzie milinganyo kwa Kiswahili na Kiingereza vyote lazima aielewe. Niliwaona wawili watatu ambao hesabu zao zilipanda hivohivo. Cha kuangalia tu ni kwamba kazi aliyoitumia CAS haruhusiwi kuitumia tena kwenye sharti jingine la diploma, na lazima aandike kila baada ya muda amejifunza nini, asisubiri mwaka wa pili ndo aanze kukumbuka.

Mahojiano ya kwanza huwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kama bado hajafanya basi ndo muda wa kuomba hayo mabadiliko, yeye mwenyewe aombe, sio wewe. Barua ya kuomba ruhusa kwa mtendaji wa kata na afisa elimu nikirudi nyumbani jioni nitaiweka hapa muone ilivyo, ni ya ukurasa mmoja tu.