Presha ndogo, mota kubwa: maswali na majibu ya karakana

Maswali ya safari hii yameegemea upande mmoja: mota ya kuzunguka, isiyo na pistoni, inayosukumwa na gesi ya presha ndogo tu, iwe ya samadi, ya mtungi au upepo wa kompresa. Nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha. Kabla sijaanza, shikeni hesabu moja maana nitairudia: nguvu ya mota ni presha mara ujazo wa gesi unaopita kwa sekunde. Presha ya baa 1 (karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka) ikisukuma lita 1 kwa sekunde inakupa wati 100, kabla ya hasara yoyote. Presha ikishuka hadi sehemu ya mia ya hapo, itabidi upitishe lita 100 kwa sekunde ili upate wati zile zile. Hakuna umbo la rota linalokwepa hesabu hiyo, hata video ya mtandaoni iseme nini.

Nina mtambo wa biogesi na ng'ombe wanne. Gesi inabaki kila siku. Je, presha yake inaweza kuzungusha mota na jenereta ndogo ya taa, halafu gesi hiyo hiyo iendelee jikoni? (Mama mfugaji, Kibamba)

Kuitumia gesi mara mbili ni wazo zuri, mama, ila presha ya mtambo wako ni ndogo mno. Ipime mwenyewe. Chukua ule mpira mweupe ambao mafundi ujenzi hupimia levo, ukunje uwe na umbo la U, utie maji, ncha moja uiunganishe na bomba la gesi na ya pili uiache wazi. Maji yatashuka upande wa gesi na kupanda upande wa pili. Tofauti ya sentimita 10 ni kilopaskali 1 hivi, yaani sehemu ya mia ya baa. Mtambo wa kuba la kujengwa unaweza kufika karibu mita moja ya maji ukijaa, kisha presha inashuka kadiri unavyopika.

Tuseme wastani wako ni sentimita 50 na unapata mita za ujazo 2 kwa siku. Nguvu yote iliyomo kwenye presha hiyo ni kilojuli 10. Inawasha balbu ya LED ya wati 5 kwa nusu saa na ushee, tena kwa mota isiyo na hasara, ambayo haijatengenezwa popote. Gesi hiyo hiyo ukiichoma ina kilojuli 40,000 hivi. Ukiipeleka kwenye jenereta ndogo ya petroli iliyobadilishwa kabureta itumie biogesi, hata ikipoteza asilimia 80 kwa joto na moshi, bado unabaki na uniti mbili hivi za umeme, za kipimo kile kile unachonunua kwa LUKU. Kwa hiyo gesi inayobaki, ichome ndani ya injini. Kabla haijaingia humo, ipitishe kwenye chombo chenye chenga za chuma zilizoshika kutu, zile zinazotupwa chini ya mashine za kukereza. Kutu hushika ile gesi ya harufu ya mayai viza. Ukiiacha ipite itakula shaba iliyomo kwenye beringi na kabureta kabla ya mwaka kwisha.

Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho. Kwa presha ndogo nichague muundo upi: Wankel, diski za Tesla, vibao vya kuteleza au ndewe mbili? (Mwanafunzi, Chang'ombe)

Wankel uiache, mwanangu. Felix Wankel wa Ujerumani alikusudia injini ya kuchoma mafuta, na ya kwanza ilizunguka mwaka 1957 kwenye kampuni ya NSU. Ni muundo wa heshima. Gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mbio za Le Mans mwaka 1991. Lakini sili, yaani vizibo, zilizo kwenye pembe za rota yake husugua ukuta wa chumba muda wote, na kwenye presha ndogo msuguano huo unameza karibu kila kitu. Isitoshe, umbo la ndani la chumba chake si duara, na mashine ya kukereza ya kawaida inachonga duara. Nusu ya muhula wako itaishia kwenye kuchonga.

Diski za Tesla zinawavutia wanafunzi kwa sababu ni rahisi kuziunda: diski bapa kwenye shafti moja, gesi inaingia ukingoni na kutokea katikati. Nikola Tesla alipewa hataza yake Marekani mwaka 1913. Zinazunguka kwa kasi kubwa na kelele tamu, ila nguvu ya kuanzia hazina: ukizifunga mzigo zikiwa zimesimama, zinabaki zimesimama. Ufanisi mkubwa alioutarajia mwenyewe haujaonekana kwenye mashine zilizojengwa.

Zinabaki njia tatu. Kama una baa 0.3 kwenda juu na gesi si nyingi, tumia vibao: rota imewekwa kando ya katikati ya silinda, na vibao vinachomoka na kurudi kwenye mifereji yake kama droo. Kama presha ni ya sentimita chache za maji lakini upepo ni mwingi, achana na vyumba vya kufungika kabisa, chonga gurudumu la mapanga. Kwa kilopaskali 1 upepo unatoka kwenye pua ya bomba kwa mita 40 kwa sekunde hivi. Gurudumu la aina hii hufanya kazi vizuri ncha zake zikienda nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo gurudumu la kipenyo cha sentimita 20 litataka mizunguko 1,900 kwa dakika. Hiyo ni kasi ambayo mota ya zamani ya umeme inaifahamu, na huhitaji gia.

Ndewe mbili, yaani rota mbili zenye umbo la namba nane zinazozunguka sambamba, muundo ambao ndugu wawili wa ukoo wa Roots walipatia hataza Indiana mwaka 1860, zina sifa moja kubwa: hazigusani. Gia mbili za nje huzishikia mwendo. Hakuna kusugua, ndiyo maana hadi leo zinatumika ndani ya mita za kupimia gesi, ambako upotevu wa presha hautakiwi kabisa. Ila usahihi wa uchongaji unaotakiwa ni wa kumpa fundi homa. Ukiniuliza mimi, mradi wa chuo ni vibao.

Nimechonga mota ya vibao vinne, rota ya nailoni. Kwa baa 0.5 haianzi mpaka niisukume kwa mkono, na ikishapata moto inakwama. Tatizo nini? (Fundi, Gerezani)

Kaka, hapa una matatizo mawili, na umeyaeleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia.

La kuanza. Vibao vyako vinatupwa nje na mzunguko wenyewe. Mota ikisimama hakuna cha kuvitupa, hivyo cha juu kinadondoka ndani ya mfereji wake na gesi inapita juu yake moja kwa moja hadi kwenye bomba la kutokea. Ukiisukuma kwa mkono vinatoka na kuziba, ndipo inashika. Dawa ni mbili. Unaweza kuweka springi nyepesi chini ya kila kibao, nyepesi kweli, ukiibonyeza kwa kidole kidogo iingie yote. Au, na hii ndiyo naipenda, chonga kijifereji kwenye mfuniko wa pembeni kinachopeleka gesi inayoingia chini ya vibao, ili presha yenyewe iviinue. Kijifereji hicho kiishie kabla ya upande wa kutokea gesi, la sivyo vibao vitasukumwa kwa nguvu mahali ambapo havina kazi.

La kukwama ni nailoni. Inatanuka kwa joto mara sita au saba zaidi ya chuma. Rota ya urefu wa milimita 60 ikipanda nyuzi 20 tu inaongezeka karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na hiyo pengine ndiyo nafasi yote uliyoiacha kati yake na mifuniko. Tena nailoni inanyonya unyevu, na unyevu wa Dar unaujua. Rota uliyoipima Agosti si ile utakayoikuta Aprili. Tengeneza rota ya chuma au alumini, na vibao vya bekelaiti ya kitambaa, ile ya kahawia ambayo ukiikata inatoa harufu ya gundi iliyoungua.

Najua utasema: basi naongeza mwanya. Usiongeze. Mota ya sentimita za ujazo 100 kwa mzunguko, ikienda mizunguko 600 kwa dakika, inatumia lita 1 kwa sekunde na kutoa wati 50 kwa baa 0.5. Ukijumlisha kingo zote ambako gesi inaweza kupenya, tuseme unapata sentimita 20. Mwanya wa milimita 0.1 kwa urefu huo unavujisha lita 2 hadi 3 kwa sekunde, zaidi ya mota yenyewe inavyotumia! Ukibana hadi milimita 0.03 uvujaji unashuka chini ya nusu lita. Kwenye mianya myembamba namna hiyo, kupunguza mwanya nusu kunapunguza uvujaji hadi moja ya nane. Ndiyo sababu saa moja ya kusaga mifuniko kwa msasa juu ya kioo bapa inalipa kuliko rota mpya.

Halafu kagua vinavyoshika shafti. Kwa presha hiyo mota yako ina msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha shafti, wa nyutonimita 0.8 tu. Oilsili mbili mpya za mpira mgumu zinaweza kula sehemu kubwa ya hiyo. Weka beringi za vifuniko vya bati badala ya vya mpira, toa grisi nzito, tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Shafti ukiizungusha kwa vidole na kuiachia, iendelee yenyewe kidogo kabla ya kusimama.

Mota ya upepo ikizungusha kompresa inayojaza mtungi unaoendesha mota hiyo hiyo, si nitapata umeme wa bure? (Wengi)

Hapana. Mtungi wa lita 100 uliojaa baa 8 una nguvu inayokaribia sehemu ya 30 ya uniti moja, na kompresa ilikula zaidi ya hapo kuujaza. Mzunguko mzima utazima ndani ya dakika chache. Anayekuuzia michoro yake anajua hivyo.

Mtungi wa gesi wa kupikia una presha kubwa, na reguleta inaipoteza tu. Niweke mota mahali pa reguleta? (Msomaji, Tabata)

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Jiko la plati moja linachoma gramu 150 hivi kwa saa, na presha inayopotea hapo, hata kwa mahesabu ya upendeleo, haifiki wati 4. Kwa wati hizo unaweka ndani ya nyumba mashine yenye shafti inayovuja gesi nzito kuliko hewa, inayotambaa sakafuni hadi ikutane na moto. Mota yoyote ya majaribio iendeshe kwa upepo wa kompresa. Gesi inayowaka ipewe mota ambayo umeshaijaribu ndani ya maji ya sabuni na haikutoa povu hata moja.

Penye maana ya kuvuna presha ya gesi ni kwenye mabomba makubwa. Bomba la inchi 36 lililoanza kuleta gesi kutoka Mtwara mwaka 2015 hubeba presha kubwa, ambayo lazima ishushwe kabla gesi haijafika kwa mtumiaji. Nchi kadhaa huweka turbaini kwenye vituo vya namna hiyo na kupata umeme. Kule mtiririko ni mkubwa, na ile hesabu yetu ya kuzidisha inakuwa upande wako.

Mashine ya kufungulia nati za tairi inatema maji na kutoa barafu. Mota ya presha ndogo itafanya hivyo pia? (Fundi tairi, Buguruni)

Kidogo sana. Upepo unaotanuka na kufanya kazi hupoa. Kutoka baa 6, ukianza na nyuzi 30, kinadharia ungeshuka karibu nyuzi 100 chini ya sifuri. Mashine yako haifiki huko kwa sababu inavujisha na kusugua. Kutoka baa 0.5 kinadharia ni nyuzi 3 tu chini ya sifuri, na kwa vitendo mota inabaki baridi ya kawaida. Maji uyatoe kila jioni kwenye koki ya chini ya mtungi wa kompresa, maana ndiyo yanayotia kutu kwenye silinda.

Ukubwa wa mota niupate vipi, na nitajuaje inatoa wati ngapi? (Wawili, Mbagala na Ubungo)

Ukubwa: anza na wati unazotaka, zidisha mara mbili kufidia hasara, gawa kwa presha. Wati 50 kwa baa 0.5 zinakupa lita 2 kwa sekunde; kwa mizunguko 600 ni sentimita za ujazo 200 kila mzunguko. Ukiona imekuwa pipa, usishangae. Mashine ya mvuke ya Thomas Newcomen ya mwaka 1712, Uingereza, ilitumia mvuke usiozidi sana presha ya hewa, na silinda yake ilikuwa na kipenyo cha sentimita 53 na urefu wa mita 2.4 hivi, kwa nguvu ya farasi watano na nusu.

Wati: funga puli ya kipenyo cha sentimita 10 kwenye shafti, ipitishie kamba juu, ncha moja uifunge kwenye mzani wa springi uliofungwa chini na ya pili uiwekee jiwe. Mota ikizunguka kuelekea upande wa mzani isome tofauti ya uzito wa pande mbili. Tofauti ya kilo 1 kwa mizunguko 600 ni wati 31. Ongeza jiwe kidogo kidogo, andika mizunguko kila mara, mpaka mota isimame. Kamba itapata moto, iloweshe kwa maji, na mikono iwe mbali na puli.