Bibi wa Herufi Anajibu: "Nina kete saba, neno silioni"

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha tatu hapa Tanga na shuleni tuna klabu ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga kete za herufi kuunda maneno. Nikipata herufi saba naona maneno ya herufi tatu au nne tu. Juzi nilikuwa na A, E, I, N, R, S, T, nikaweka RAIN. Mwenzangu akasema humo mlikuwa na maneno zaidi ya matano ya kumaliza kete zote. Halafu Q ikinijia bila U, naikalia mpaka mchezo unaisha. Kaka yangu anataka nipakue programu ya kutafuta maneno, lakini mimi naona ni kudanganya. Na Kiingereza changu ni cha shule ya kata. Nifanyeje?
*Mjukuu, Tanga*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwenzako amesema kweli, na roho imeniuma kwa ajili yako, maana anayemaliza kete zote saba kwa mkupuo anaongezewa pointi 50.

Tuanze na jicho lako. Sisi tumelelewa na lugha ambayo karibu kila silabi inaishia na irabu: ma-ta-tu, ki-ti-nda-mi-mba. Kwa hiyo tukitazama kete, jicho linatafuta konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Kiingereza hakiendi hivyo. Tazama STRAIN: konsonanti tatu zimebanana mlangoni ndipo irabu ikaja. Mimi nilijifunzia kwenye vizibo vya soda, herufi nimeziandika kwa kalamu ya wino, na miezi mingi ilipita kabla sijatambua kwamba maneno nilikuwa nayajua, ila mikono ilikuwa imetulia mno. Kete usiziache zilivyokujia. Zisogeze.

Sogeza hivi. Mkia wa neno weka kulia, yaani S, ER, ED, ING, IER, kisha usome zilizobaki kushoto. Kwa zako, weka ER kulia. Zinabaki A, I, N, S, T, nazo ni STAIN, doa. Tayari una STAINER. Rudisha, weka S peke yake kulia: zinabaki za kupanga RETAIN au RETINA, basi una RETAINS na RETINAS. Weka IER: zinabaki A, N, S, T, unapata NASTIER na ANTSIER. Hapo hatujafika kwenye RETSINA, mvinyo wa Ugiriki, wala STEARIN. Saba hizo, kwa herufi zilezile ulizowekea RAIN.

Herufi hizo hazikukujia kwa bahati tu. Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930 akiwa hana kazi, alikaa akihesabu herufi kwenye magazeti aone ipi inatumika zaidi. Ndiyo maana katika kete 100 za Kiingereza E ziko 12, A na I ziko tisa tisa, na N, R, T ziko sita sita. Zitakurudia kila wiki, kwa hiyo zijue kama unavyojua njia ya kwenda kisimani.

Sasa Q. Hapa mtoto wa pwani ana mali asiyoijua. Maneno mengi ya Q isiyo na U yametoka Kiarabu, na sisi tumeyapokea kutoka hukohuko, tukaweka K. Kadhi ni QADI. Talaka ni TALAQ. Nikabu ni NIQAB, fakiri ni FAQIR, wakfu ni WAQF, kibla ni QIBLA, na soko ni SUQ. Mirungi sisi tunaiita kwa jina jingine, lakini kwao ni QAT. Yote yamo katika orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno yanayokubalika katika Scrabble ya Kiingereza. Ongeza QI, la Kichina, herufi mbili tu, na hutaikalia Q tena. Na siku irabu zikikuzidi, kumbuka UJAMAA imo humohumo.

Kuhusu programu, wewe na kaka yako wote mna haki. Mchezo ukiwa mezani, kuifungua ni wizi. Mchezo ukiisha, ifungue. Nyingi zinafanya jambo moja jepesi: kila neno linapangwa herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti, RETAINS ikawa AEINRST, na maneno yenye mfuatano mmoja yanakaa pamoja. Fanya hivyo kwenye daftari. Kushoto mfuatano, kulia maneno. Kumi kwa siku yanatosha.

Ukiwa kwenye daladala, tumia namba za magari. Chukua herufi tatu za mwisho, utafute neno linalozibeba kwa utaratibu huohuo. Juzi lori lilitusimamia mbele, DGN. Kabla taa haijaruhusu nilikuwa na DRAGON, DESIGN, DUNGEON na DIGNITY. Hilo ni zoezi tofauti, kwa kuwa herufi nyingine unaruhusiwa kuziongeza mwenyewe, lakini linafundisha jicho kuruka.

Na hiyo shule ya kata isikutishe hata kidogo. Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa haongei. Alikariri maneno. Mwaka huohuo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, huko Perth, Australia.

Nakuachia hizi: A, D, E, I, L, N, S. Yamo maneno mawili ya kumaliza kete. Moja lina mkia wa ED na konokono ndani yake, la pili mkia wake ni S. Niandikie ukiyapata, na uniambie ulianza kusogeza kete ipi.